Miaka ya Hati Hupungua kwa Wote

Hotuba ya Katibu mbele ya Mkutano Mkuu, katika sikukuu ya kutimiza miaka 10 ya Muungano, mwaka 2025



Katika sikukuu ya namna hii ni desturi ya Katibu kuwasomea wanachama hesabu za miaka iliyopita: kahawa iliyopokelewa, fedha zilizolipwa, na madeni yaliyokwisha. Hesabu hizo zimepigwa chapa katika kurasa nyingine za kitabu hiki, na kila mwanachama aweza kuzisoma kwa nafasi yake. Sisi twaomba ruhusa kuutumia muda tuliopewa kwa hesabu nyingine isiyoonekana katika mizania, nayo ni hesabu ya miaka iliyobaki katika hati ya fleti zetu mbili za Nairobi. Alasiri ya leo Mkutano huu utaulizwa kukata shauri juu ya jambo hilo. Haifai mtu anyoshe mkono kukubali wala kukataa kitu asichoelezwa.

Wengi wenu mwakumbuka jinsi fleti hizo zilivyonunuliwa mwaka 2019. Wakati ule wajumbe waliokwenda Nairobi kwa kazi za Muungano walikuwa wakilala katika nyumba za wageni, na malipo yake yalikula sehemu kubwa ya fedha za safari. Mkutano Mkuu ukaamua kununua fleti mbili katika jengo la orofa nne lenye fleti 16. Moja iwe ya wajumbe, na ya pili ipangishwe, kodi yake iingie katika Mfuko wa Elimu. Ilisemwa waziwazi siku ile kwamba hati ilikuwa imebakiza miaka 31, na bei iliyolipwa ilipatana na miaka hiyo. Tangu hapo kodi ya fleti ya pili imesaidia karo za watoto wa wanachama mwaka hata mwaka. Fleti hizo, basi, hazikununuliwa kwa ajili ya fahari. Ni shamba jingine la Muungano, ila ni shamba lenye mwisho ulioandikwa tarehe.

Hapa ndipo wengi wetu tunaposhangaa, na mshangao huo una sababu. Mashamba yetu huku nyumbani yalikusanywa na kupimwa kufuatana na Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, na baadaye yakaandikishwa chini ya Sheria ya Ardhi Iliyoandikishwa ya mwaka 1963. Hati ya shamba la namna hiyo haina idadi ya miaka. Baba alimwachia mwana, na mwana atamwachia mjukuu, wala hakuna anayehesabu. Kwa hiyo mtu aliyezoea hati ya shamba huiona hati ya fleti ya mjini akadhani ni kitu kile kile. Karatasi zafanana, mihuri yafanana, lakini maana yake ni mbalimbali. Ya kwanza ni milki ya daima. Ya pili ni ruhusa ya kukaa kwa muda uliotajwa, na muda huo ukiisha, ardhi hurudi kwa mwenyewe, pamoja na kilichojengwa juu yake.

Desturi hii ya kukodisha viwanja kwa miaka haikuanza nasi. Ililetwa na sheria za Waingereza. Sheria ya Ardhi ya Taji ya mwaka 1902 iliruhusu ardhi kukodishwa hadi miaka 99, na ile ya mwaka 1915 ikawapa walowezi mashamba kwa miaka 999. Viwanja vya mijini vikabaki kwa kawaida katika miaka 99. Uhuru ulipokuja, hati nyingi ziliendelea kuhesabu miaka yake kama zilivyoanza. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 65, imesema kwamba mtu asiye raia hawezi kumiliki ardhi ila kwa kukodi, tena kwa muda usiozidi miaka 99. Na kama alikuwa na hati ya miaka zaidi ya hiyo, imeshushwa ikawa 99. Kwa ajili hiyo, maneno haya ya miaka ya hati si ya zamani. Ni sheria iliyo hai nchini, na mtu yeyote aliyenunua kiwanja au fleti mjini yampasa kuijua.

Sasa tuitazame hati yetu wenyewe. Kiwanja ambacho jengo letu limesimama kilikodishwa na Serikali kwa miaka 99 tangu tarehe 1 Januari 1951. Muda huo utakwisha tarehe 31 Desemba 2049. Mwaka huu wa 2025 ukiisha, miaka 75 itakuwa imetumika, na 24 itakuwa imebaki. Yaani ile robo ya mwisho ya hati tumekwisha kuingia ndani yake. Mtoto aliyezaliwa mwaka huu katika kijiji chochote cha wanachama wetu atakuwa na miaka 24 siku hati hiyo itakapokoma. Huenda akawa bado chuoni, akitegemea Mfuko ule ule wa Elimu.

Jambo la pili la kufahamu ni kwamba hati hiyo ya kiwanja, ambayo mawakili huiita hati mama, si ya Muungano wetu. Imeandikwa kwa jina la kampuni ya wenye fleti, ambayo kila mwenye fleti ana hisa yake ndani. Sisi twashikilia hati ndogo mbili, moja kwa kila fleti, na kila hati ndogo imepewa muda wa hati mama pungufu ya siku chache za mwisho. Tawi haliwezi kuishi kuliko shina. Hata tungekuwa na fedha zote za Nairobi, hatuwezi kuongeza muda wa fleti zetu mbili peke yake, kwa sababu miaka yetu yaning'inia katika miaka ya hati mama. Ikiongezwa, imeongezwa kwa fleti zote 16. Ikiachwa ife, zote 16 zimekufa siku moja, ya tajiri na ya maskini, ya aliyepaka rangi juzi na ya asiyepaka tangu aliponunua.

Ndugu wanachama, neno hilo ndilo kiini cha hotuba yetu leo. Katika mambo mengi ya mjini kila mtu hujitazama mwenyewe. Katika jambo hili sheria yenyewe imewafunga watu pamoja kama kuni katika mzigo mmoja. Sisi ni watu wa ushirika, na mambo ya namna hiyo hatuhitaji kufundishwa. Mkulima mmoja hawezi kujenga kinu cha kahawa peke yake, na mwenye fleti mmoja hawezi kuongeza miaka peke yake.

Sasa swali: kwa nini tuharakishe, ikiwa bado iko miaka 24? Tutajibu kwa sababu nne.

Sababu ya kwanza ni ile ya tarehe. Mwaka 2020 Bunge lilipitisha sheria mpya ya umiliki wa sehemu za majengo, iliyoanza kutumika tarehe 28 Desemba mwaka huo huo. Kwa sheria hiyo, jengo lenye fleti nyingi hupimwa na kuchorewa ramani ya sehemu zake, na kila mwenye fleti hupewa hati yake kamili, pamoja na fungu lake katika vitu vya wote, kama ngazi, paa, tangi la maji na ua. Wenye fleti wote kwa pamoja huwa shirika moja la kulisimamia jengo. Ni sheria njema kwetu. Lakini imewekewa mpaka. Kama ardhi ya jengo ni ya kukodi, sharti hati iwe na miaka isiyopungua 21 iliyobaki. Sheria ya zamani ya mwaka 1987 ilidai miaka 45, kwa hiyo mlango umepanuliwa; hata hivyo ni mlango, na mlango hufungwa. Fanyeni hesabu. Hati yetu itafika kwenye miaka 21 tarehe 31 Desemba 2028. Baada ya siku hiyo, kama muda haukuongezwa, mlango huo hatuwezi kupita. Tusidanganyike pia kwamba hati mpya ya fleti yatosha. Hati hiyo hugawanya milki vizuri, lakini haizai hata siku moja ya ziada. Miaka yake ni ile ile iliyobaki katika ardhi. Mambo mawili yahitajiwa, nayo yafaa kwenda bega kwa bega.

Sababu ya pili ni thamani. Benki inayokopesha fedha juu ya nyumba hutazama miaka ya hati kabla ya kutazama dirisha na mlango. Mkopo wa miaka 15 juu ya hati ya miaka 16 ni mkopo usio na mgongo. Mnunuzi naye hutazama vivyo hivyo, kwa kuwa ajua atakapotaka kuuza atakutana na benki ile ile. Kwa hiyo thamani ya fleti haishuki siku hati inapokwisha tu. Huanza kuteremka mapema, polepole, na miaka inapokuwa michache huteremka kwa kasi. Nyumba yaweza kuwa na kuta imara na mpangaji mwema, nayo inapoteza thamani yake kimya kimya.

Sababu ya tatu ni tofauti iliyopo baina ya kuongeza muda na kuomba hati upya. Kanuni zilizotolewa mwaka 2017 chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 zimeyatenga mambo hayo mawili. Kuongeza muda ni ombi la mtu ambaye hati yake bado iko hai. Hati ikiisha kufa, ombi lake ni la kupewa upya, na hapo ardhi imekwisha kurudi. Ni kweli kwamba kifungu cha 13 cha Sheria hiyo chamlinda mwenye hati wa zamani. Chasema atangulizwe kupewa ardhi ile kabla ya mtu mwingine. Lakini ulinzi huo una masharti mawili: awe raia wa Kenya, na ardhi yenyewe isiwe inatakiwa na Serikali ya Taifa au ya Kaunti kwa matumizi ya umma. Anayetangulizwa si sawa na anayemiliki. Yeye amesimama mbele katika foleni, lakini yu foleni.

Tena tuliangalie vizuri sharti la uraia. Katiba inasema kwamba kampuni huhesabiwa kuwa raia ikiwa tu yote nzima inamilikiwa na raia. Muungano wetu hauna mashaka katika hilo. Lakini hati mama iko kwa jina la kampuni ya wenye fleti, na fleti za Nairobi huuzwa kwa watu wa kila taifa. Hisa moja tu mkononi mwa mtu asiye raia yaweza kuleta swali. Ni swali linaloweza kutafutiwa jibu sasa kwa utulivu. Likizuka mwaka 2049, litatukuta na vikombe mkononi na mlango umefungwa.

Sababu ya nne ni kwamba kazi yenyewe ina hatua nyingi. Ombi huandikwa katika fomu maalumu, likiambatana na nakala ya hati na cheti cha upekuzi wa daftari la ardhi. Sharti lionyeshe kwamba kodi ya ardhi imelipwa yote kwa Serikali, na ushuru wa kiwanja umelipwa wote kwa Kaunti. Kisha faili hupitishwa kwa maofisa wa mipango ya mji, wa upimaji, na wengineo, ili waseme kama wana kipingamizi. Jengo hukaguliwa: je, latumiwa kama hati ilivyoruhusu? Je, hakuna aliyejenga kibanda cha duka mahali pa kuegesha magari? Mthamini naye huikadiria kodi mpya ya ardhi. Ombi likikubaliwa, barua hutolewa yenye masharti na malipo, hati ya zamani hurudishwa, na mpya huandikishwa. Kila mahali faili laweza kulala. Upungufu mmoja wa risiti watosha kulirudisha nyuma. Mtu aliyeanza mapema humsubiri ofisa bila hofu; aliyechelewa, kila siku ya kusubiri ni siku ya hati yake mwenyewe.

Kuna wanaosema, "Serikali itatuandikia barua wakati ukifika." Kanuni zile za mwaka 2017 zilitaka kweli Tume ya Taifa ya Ardhi imjulishe mwenye hati, katika miaka mitano ya mwisho, kwamba muda wake unakaribia kwisha. Lakini barua hupelekwa kwa mwenye hati mama, kwa anwani iliyo katika daftari. Anwani hiyo yaweza kuwa sanduku la posta ambalo ufunguo wake ulipotea zamani. Tena miaka mitano kabla ya mwisho ni mwaka 2044 au 2045, na mpaka wetu wa miaka 21 utakuwa umepita kitambo.

Ndugu zetu wakulima, ninyi mwaijua kazi ya kubadilisha mzunguko wa kahawa kuliko ofisa yeyote wa mjini. Shina likianza kuzeeka, hamlikati siku linapokoma kuzaa. Mwachagua machipukizi mema mkayaacha yakue chini yake, shina la zamani likiwa bado lawapa mavuno, na yakiisha kupata nguvu ndipo mnalikata. Anayengoja mpaka mti ukauke hukaa miaka bila kitu cha kupeleka kinuni. Kuongeza muda wa hati ni kazi ya namna hiyo hiyo. Chipukizi hulelewa wakati shina lingali linazaa.

Yafaa pia tutazame walikoianzisha desturi hii, maana huko wamejifunza kwa gharama. Huko Uingereza na Wales fleti nyingi humilikiwa kwa hati ya miaka, na mwenye ardhi mara nyingi si Serikali bali ni mtu binafsi au kampuni. Katika sehemu za London ziko familia za kale, kama za Grosvenor na Cadogan, ambazo zimekodisha mitaa mizima kwa vizazi vingi. Kwa muda mrefu mwenye fleti hakuwa na haki ya kuongezewa muda. Alitegemea hisani ya mwenye ardhi. Sheria ya mwaka 1993 ikabadili jambo hilo. Ikampa mwenye fleti haki ya kudai miaka 90 juu ya ile iliyobaki, kwa kulipa bei inayokadiriwa. Na baada ya kulipa bei hiyo, kodi ya ardhi ya kila mwaka hugeuka kuwa punje moja ya pilipili manga. Msicheke, ndivyo sheria yao isemavyo. Maana yake ni kwamba kodi imebaki jina tu, wala hakuna anayeipeleka punje hiyo.

Lakini bei ile ilikuwa na mtego. Sheria yao ya mwaka 2002 iliweka mstari kwenye miaka 80. Aliyeomba hati yake ikiwa juu ya mstari huo alilipa kidogo. Aliyengoja hata ikashuka chini yake, ilimpasa kuongeza nusu ya thamani ambayo fleti ingepata kwa ajili ya kuongezewa muda. Siku moja ya uvivu ikawa na bei yake. Malalamiko yakazidi, hata mwaka 2024 Bunge lao likapitisha sheria nyingine iliyoazimia kuliondoa ongezeko hilo na kuifanya nyongeza iwe miaka 990, na sehemu zake huanzishwa hatua kwa hatua. Tena sheria ile ya 1993 iliwaruhusu wenye fleti kuungana, wakiwa wameshika angalau nusu ya fleti za jengo, wakainunua ardhi yenyewe. Tazameni, basi: hata huko, ambako kila mtu hujifungia mlango wake, njia yenye nguvu kuliko zote ilikuwa ya kuungana.

Hatusemi kwamba sheria yao ni yetu. Kwetu mwenye ardhi ya kiwanja kile ni Serikali, na hakuna sheria inayotuhakikishia miaka 90 kwa punje ya pilipili. Lakini mafunzo mawili yasafiri vizuri: mapema ni rahisi kuliko baadaye, na wengi wana nguvu kuliko mmoja.

Sasa twageukia mashaka ya wanachama, maana tumeyasikia katika mikutano ya vyama vya msingi, nayo si mashaka ya kipuuzi.

Wako wasemao, "Fedha hizi zigawanywe kwa wakulima. Mbolea ni ghali, na mwaka 2049 ni mbali." Twaikubali nusu ya neno hilo. Mbolea ni ghali. Ndiyo maana Kamati Kuu haikuleta ombi la kukata fedha katika malipo ya kahawa ya msimu huu. Inaomba sehemu ya kodi ya fleti yenyewe itengwe kwa misimu miwili, ili fleti ijilipie miaka yake. Mfuko wa Elimu utapata pungufu kwa misimu hiyo miwili, na hatutaki kulificha jambo hilo. Ni afadhali kupunguza kidogo sasa kuliko kuukausha Mfuko mzima kwa watoto watakaokuja.

Wako wengine wasemao, "Sisi tuna fleti mbili tu kati ya 16. Wenye nyingi na watangulie." Hao wenye nyingi nao waweza kusema, "Wale wa ushirika wana fedha, na watangulie." Hivyo ndivyo hati zinavyokufa, kila mtu akimtazama jirani. Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako. Kama yuko wa kuita mkutano wa wenye fleti, na awe sisi, maana kuita mikutano, kuandika kumbukumbu na kutunza fedha za pamoja ndiyo kazi tuliyoifanya kwa miaka 10.

Wako na wa tatu wasemao, "Tuziuze fleti hizo, tununue kiwanja karibu na nyumbani." Shauri hilo si baya, na Mkutano huu una haki ya kulifikiri siku yoyote. Lakini mnunuzi naye ajua kuhesabu. Atatoa bei ya miaka 24, na kila mwaka tunaongoja atatoa pungufu. Hata anayetaka kuuza yampasa kwanza kuongeza muda, apate bei iliyo njema.

Tena yatupasa kusema kweli juu ya mambo tusiyoweza kuyaahidi. Ombi laweza kukataliwa, ikiwa ardhi yatakiwa kwa matumizi ya umma. Kodi ya ardhi yaweza kupandishwa baada ya kukadiriwa upya. Wenye fleti wengine waweza kusitasita. Katibu anayewaahidi ushindi katika mambo ya ardhi hawatakii mema. Tunachoweza kuahidi ni kwamba kila shilingi itakuwa na risiti, na kila hatua itasomwa mbele yenu.

Basi, Bwana Mwenyekiti, Kamati Kuu yaleta mbele ya Mkutano mambo manne yafuatayo.

Kwanza, Muungano uwaite wenye fleti wote 16 katika muda wa miezi mitatu, ili daftari la hisa za kampuni lisomwe, uraia wa wenye hisa ujulikane, na anwani iliyo katika daftari la ardhi isahihishwe.

Pili, upekuzi wa hati mama ufanywe katika daftari la Serikali, na madeni yoyote ya kodi ya ardhi na ushuru wa Kaunti yajulikane na kulipwa, kila mwenye fleti kwa fungu lake.

Tatu, ombi la kuongeza muda liandikwe na wakili atakayechaguliwa na wenye fleti wote kwa pamoja, na lipelekwe kabla ya mwisho wa mwaka 2026. Na kazi ya kugeuza hati ndogo kufuatana na sheria ya mwaka 2020 iandaliwe wakati huo huo, isipite tarehe 31 Desemba 2028.

Nne, fedha zitengwe kutoka katika kodi ya fleti kwa misimu miwili tu, kwa kiasi kitakachowekwa na Mkutano huu na si na Katibu. Malipo ya Serikali yalipwe kwa njia za Serikali tu. Asipewe fedha mtu yeyote anayejisifu kwamba amjua mtu ndani ya ofisi.

Kwa wale wanachama ambao wamenunua fleti au viwanja vyao wenyewe mjini, twatoa shauri dogo. Mkifika nyumbani leo, itoeni hati sandukuni. Tafuteni mahali palipoandikwa muda, na tarehe ulipoanza. Jumlisheni. Kama miaka iliyobaki ni michache kuliko mlivyodhani, msikae na hofu hiyo peke yenu. Waulizeni majirani wa jengo, maana saa yenu ni moja.

Miaka 10 iliyopita vyama vyetu vya msingi vilikuwa kila kimoja na mzani wake na dalali wake. Tulikutana, tukahesabu, tukaona kwamba hasara ya mmoja ilikuwa hasara ya wote, na faida vivyo hivyo. Hapakuwa na muujiza. Palikuwa na hesabu iliyosomwa kwa sauti, na watu waliokubali kuanza kabla ya kulazimishwa. Hesabu ya leo nayo imekwisha kusomwa. Imebaki miaka 24 katika hati, na mitatu tu kabla ya mlango wa 2028. Uamuzi ni wenu.